Simu, Waya na Mtandao

Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Waya wa telegrafu wa baharini ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Katika enzi hiyo kupeleka simu kulikuwa kupeleka habari kwa waya. Leo simu ya mkononi haina waya, lakini jina limebaki.

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, tumezoea neno mtandao. Shina lake, -tanda, laeleza kuenea tu, halitaji njia.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Gerezani yenye vituo vitatu vya kusambaza intaneti. Kompyuta imeungwa kwa waya na kituo cha chumbani, lakini kasi ni ndogo. Fundi akiambiwa kuwa mtandao ni wa waya, huenda akabadilisha waya bure. Kumbe kutoka kituo hicho hadi kituo kikuu habari husafiri kwa mawimbi. Au huenda kosa ni la waya wenyewe: una nyuzi 8 katika jozi 4, na jozi moja ikikatika kasi yaweza kushuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100 kwa sekunde.

Hapana budi, basi, mfasiri wa maelezo ya mitambo ataje kila kipande cha njia: kiungo cha waya, kiungo cha mawimbi. Hapo fundi atajua pa kupima kwanza.