Mbuzi wa kiangazi katika inchi ya Sakania

Kwetu Sakania theluji hakuna, lakini kiangazi tunacho. Mvua inakatika mwezi wa ine, baridi inaingia mwezi wa sita, na kufika mwezi wa tisa mbuzi wanatembea mbavu nje. Wengi tunasema: majani yameisha. Hapana. Majani yapo, ila nguvu imetoka ndani yake. Protini ikishuka chini ya asilimia 7, vile vijidudu vya tumboni vinavyovunja chakula vinalegea. Mnyama anashiba na huku anakonda.

Bazee wetu, Balamba na Balala, hawakuhesabu asilimia. Kisha kuvuna waliachilia mbuzi ndani ya mashamba, wakule mabua ya mahindi na majani ya kalanga. Mbuzi walilamba udongo wa kichuguu, maana munyu ulikuwa kitu cha bei: ule wa Mwashya, karibu na mto Lufira, ulibebwa mbali kwa biashara mbele Wazungu hawajafika. Ng'ombe walikuwa shida sababu ya mbung'o. Reli ilipofika Sakania mwaka 1909, na Élisabethville mwaka 1910, ng'ombe wa kuchinja wakaja na treni kutoka kusini kulisha watu wa mukini. Mbuzi akabaki wa kijiji, ajitafutie.

Na moto je? Pori likichomwa mwezi wa nane, kisa panya, hata yale majani makavu yanakwenda.

Tuseme wazi kinachotuuma. Masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazilipishi tena, lakini sekondari minervale iko palepale. Ndiyo wakati mbuzi amebaki ngozi, na mnunuzi anashusha bei namna anavyotaka.

Kwa hiyo kazi ni ya mwezi wa tatu na wa ine, majani ya kalanga yakingali na rangi. Yaanikwe kivulini, yafungwe, yawekwe juu, mbali na mchwa. Majani ya muhogo vilevile, lakini yakauke kabisa, sababu mabichi yana sumu. Pumba za mahindi toka kinu zisimalizwe na nguruwe peke yao: kiganja kimoja jioni, mwenye mimba akitangulia. Na munyu kidogo ndani ya sahani, pamoja na maji karibu, maana akilamba bila kunywa atasumbuka.