Ikungi na Enzi ya Binadamu: nani aliyeamua?

Ukitoka Manyoni kwenda Singida mjini, barabara inapita Issuna kabla ya kuingia Ikungi, na njia nzima unaandamana na majabali ya granaiti. Yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukiulinganisha na umri huo, muda wote wa Wanyaturu, wenyeji wa huku, Wajerumani, Waingereza na Jamhuri ni mfupi mno. Hata hivyo wapo wanasayansi wanaoshikilia kwamba katika muda huo mfupi binadamu ameigeuza dunia kiasi cha kuacha alama itakayobaki ndani ya miamba.

Aliyelianzisha jambo hili kwa sauti kubwa ni Paul Crutzen, mkemia mwenye Tuzo ya Nobel. Mwaka 2000, katika mkutano uliofanyika Mexico, alisema kwamba tumeshatoka katika Holosini, enzi ya hali ya hewa tulivu iliyodumu zaidi ya miaka 11,000, na kuingia Anthroposini, yaani enzi ya binadamu. Jopo la wataalamu lilifanya kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2023 lilipendekeza ziwa la Crawford nchini Kanada liwe kielelezo cha mwanzo wa enzi hiyo, kwa sababu tope lake limehifadhi vumbi la mabomu ya nyuklia ya katikati ya karne ya 20. Machi 2024 kamati ya wanajiolojia ilipigia kura pendekezo la enzi hiyo: 4 waliunga mkono, 12 walikataa.

Wanajiolojia wakawa wamemaliza kazi yao. Wanasayansi wa siasa hawajamaliza, kwa kuwa swali lao ni jingine: huyo binadamu anayetajwa ni yupi? Mmarekani wa kawaida anahesabiwa zaidi ya tani 13 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikishi nusu tani. Kuwaweka wote wawili chini ya jina moja na kuwatwisha lawama moja ni dhuluma. John Dryzek na Jonathan Pickering, katika kitabu chao cha mwaka 2019 kuhusu siasa za enzi hii, wanakwenda mbali zaidi: serikali na taasisi tulizonazo zilijengwa wakati dunia imetulia, nazo zina tabia ya kung'ang'ania njia zile zile hata pale ardhi inapozikatalia.

Hoja ya namna hiyo ilishatolewa Tanzania kabla jina la Anthroposini halijavuma. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, Mnorwe aliyefundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu kuhusu udhibiti wa mazingira katika historia ya Afrika Mashariki. Alisema kwamba kabla ya ukoloni watu wa huku walikuwa wameyamudu mazingira yao: moto, mashamba na malisho vilimsukuma nyuma mbung'o na pori lake. Kisha katika miaka ya 1890 mambo yakaharibika yote kwa pamoja. Sotoka iliingia kutoka kaskazini na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe. Ndui na funza vikafuata, na vita vya Wajerumani, na kodi ya nyumba. Watu walipopungua pori lilirudi, na mbung'o pamoja nalo. Mgeni aliyefika baadaye aliona nyika tupu akadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Kwa Unyaturu, pigo la ng'ombe lilikuwa pigo la shamba. Udongo wa Ikungi kwa sehemu kubwa ni kichanga, na mvua ni ya msimu mmoja. Uwele na mtama vilistawi kwa sababu ya samadi. Mwenye zizi ndiye aliyekuwa na shamba lenye nguvu. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyewachunguza Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha jinsi nafaka ilivyogeuzwa kuwa mifugo, na mifugo ikarudisha rutuba iliyozaa nafaka. Ukiua ng'ombe umekata mzunguko wote.

Mwanahistoria John Iliffe hakukubaliana na picha hiyo nzima. Kwake, njaa na ukame vilikuwepo tangu zamani, na watu walikuwa bado wanapambana na pori. Nakubali kwamba Kjekshus aliipamba kidogo enzi ya mababu. Lakini katika jambo kubwa alikuwa sahihi: kilichobadilisha nchi kilikuwa utawala, na walioumia hawakuulizwa. Wanyaturu wenyewe wanalisimulia hilo kupitia kwa Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani na ambaye, kwa simulizi, nyuki walikuwa jeshi lake. Katika kumbukumbu hiyo siasa na mazingira havijawahi kutengana.

Sura inayonigusa zaidi ni ya baada ya uhuru, kwa sababu waamuzi walikuwa watu wetu na nia yao ilikuwa njema. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Singida ilikuwemo. Kaya za Wanyaturu zilikuwa zimetawanyika, kila tembe na zizi lake, na mashamba ya samadi yakiizunguka. Operesheni hiyo ya vijiji iliwapanga watu kwa safu. Shamba lililorutubishwa kwa miaka likabaki mbali, na ng'ombe wengi wakasongamana penye malisho machache. Shule, zahanati na visima vilifika, na hilo halifai kubezwa. Lakini James Scott, mwanasayansi wa siasa wa Yale, katika kitabu chake cha 1998 anakadiria kwamba nchini kote walihamishwa watu wasiopungua milioni 5, na anaeleza kwa nini mavuno yaliyumba: serikali ilitaka kijiji kinachoonekana na kuhesabika, ikaupuuza ujuzi wa mkulima ambao hauandikiki kwenye ramani. Kjekshus naye aliandika mwaka 1977, operesheni ikiwa bado mbichi, kuhusu gharama zake kwa ardhi.

Leo Ikungi ni wilaya, iliyomegwa kutoka Singida mwaka 2012, na alama mpya zinachimbwa. Mang'onyi kuna mgodi mkubwa wa dhahabu uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Nao wachimbaji wadogo wa nchi hii wengi bado hukamatisha dhahabu kwa zebaki, na zebaki ikishaingia kwenye tope haiondoki. Kwa sheria, madini yote ni mali ya Jamhuri; mwenye shamba juu yake anabaki na haki ya fidia.

Lakini mkoa huu huu una historia nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Mgori, takriban hekta 40,000, kuwa hifadhi yake. Ikabadili nia, na vijiji 5 vinavyouzunguka vikakabidhiwa ulinzi, kwa sheria ndogo zao na walinzi wao wenyewe. Mgori upo katika wilaya ya Singida, ambayo wakati ule Ikungi ilikuwa sehemu yake. Uzoefu wa aina hiyo ndio uliozaa Sheria ya Misitu ya 2002 inayotambua misitu ya vijiji. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuthibitisha kwamba watu wanaweza kuitunza mali ya pamoja bila kungoja bwana shamba wala mnunuzi.

Nafasi ya watu kuamua wenyewe imo pia katika sheria ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema hivi: ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhawilishwa ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa; ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Mkutano huo hutakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Ewe msomaji wa Ikungi, nenda ukahudhurie, na uombe kusomewa muhtasari wa mkutano uliopita.