Kamina: Historia ya kunyoosha mgongo

Kamina ni mji wa reli. Njia ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilimalizika mwaka 1928, na viuno vya wafanyakazi vilijua uzito wake. Leo mzigo ni mwingine: gunia la makala, bidoni ya maji, matandiko ya familia iliyokimbia vita.

Kazi ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, kiropraktiki, ilianzia Davenport, Marekani, Septemba 1895. Daniel David Palmer alisukuma mgongo wa Harvey Lillard, Mmarekani mweusi, mfagiaji wa jengo. La ajabu, Lillard hakuwa na shida ya kiuno. Alikuwa hasikii vizuri, na alisema masikio yaliziba siku alipofanya kazi akiwa ameinama, kitu kikalia mgongoni. Palmer alidai amemponya. Madaktari walimpinga, na mwaka 1906 aliingia gerezani kwa kutibu bila ruhusa, baada ya kukataa kulipa faini.

Dai la masikio halikusimama. La kiuno lilibaki: Desemba 2023, OMS ilitoa mwongozo juu ya kiuno kinachouma kwa muda mrefu, ukitaja mazoezi, mafundisho kwa mgonjwa, na pia kunyooshwa kwa mikono ya mwenye ujuzi. Kumkanyagisha mtoto mgongoni hakumo! Na mwenye miguu iliyokufa ganzi, au asiyeweza tena kuzuia mkojo, asipelekwe kwa mkandaji. Apelekwe hospitali siku ileile.