Farasi wa Viunzi na Dume la Kengeja

Pemba hakuna uwanja wa kurukia farasi viunzi. Kuna punda, kuna gari za ng'ombe, na ukifika msimu wa kaskazi, karafuu zikiwa zimekwisha kuanikwa na kuuzwa, kuna mchezo wa ng'ombe: Kengeja kwa upande wa kusini, Chwale, Wingwi kule kaskazini. Hata hivyo nataka kuuweka mchezo huo ubavuni mwa mashindano ya farasi, yenye majaji, saa za umeme na medali za Olimpiki. Kote kuwili mtu husimama hadharani na mnyama anayemzidi nguvu, na kote kuwili kinachokumbukwa baada ya miaka ni dakika chache ambazo mnyama alifanya jambo ambalo hakuna aliyeweza kumlazimisha. Medali na vigelegele humwendea mtu, lakini ukiyasikiliza masimulizi vizuri utaona shujaa wake ni mnyama.

Tarehe 5 Februari 1949, mjini Viña del Mar nchini Chile, Kapteni Alberto Larraguibel alimwelekeza farasi wake Huaso kwenye kiunzi cha mita 2.47. Huaso alikuwa na miaka 16, mzee kwa kazi hiyo, tena ujana wake aliutumia katika mbio bila ya kung'ara. Mara ya kwanza aligoma. Mara ya pili akaruka na kuangusha mti wa juu. Mara ya tatu akapita, na mpaka leo rekodi hiyo haijavunjwa. Baada ya siku ile Huaso hakushindanishwa tena. Mimi humheshimu Larraguibel kwa hilo zaidi kuliko kwa mruko wenyewe: alitambua kwamba alichokipata hakikuwa haki yake ya kukidai mara ya pili.

Miaka saba baadaye, Stockholm. Olimpiki ya 1956 ilikuwa ya Melbourne, lakini sheria za karantini za Australia hazikuruhusu farasi wa kigeni waingie, kwa hiyo mashindano ya farasi yakapelekwa Sweden. Mjerumani Hans Günter Winkler alichanika msuli wa kinena katika mzunguko wa kwanza. Alipopandishwa tena kwa mzunguko wa pili hakuweza kumwongoza farasi wake, Halla, kama ipasavyo. Kila mruko ulimkata kwa maumivu, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa asianguke. Halla aliviruka viunzi vyote bila ya kuangusha hata kimoja. Winkler akashuka na dhahabu mbili, yake na ya timu. Wajerumani walijua ni nani wa kumshukuru, wakamsimamishia Halla sanamu mjini Warendorf, na jina lake hapewi tena farasi mwengine wa mashindano.

Sasa turudi Kengeja. Dume hufungwa kamba ndefu, na kamba hushikwa na watu wenye mikono ya kazi. Ngoma na zumari hupigwa, kinamama waliovaa nguo zao nzuri huimba, na mchezaji huingia na kitambaa kumchokoza ng'ombe mpaka amjie. Dume likimjia, mchezaji hulikwepa, tena na tena, huku vijana waliosogea mno wakikimbilia miti. Hakuna upanga wala mkuki, na ng'ombe hauawi. Mwisho wa mchezo hurudi kwa mwenyewe.

Mgeni akiona haya huuliza mara moja: nani kashinda? Kwenye viunzi swali hilo lina jibu kamili. Mti ukianguka ni pointi nne za adhabu, farasi akigoma ni nne nyengine, na saa huamua yaliyobaki. Pemba hakuna hesabu ya namna hiyo, nami naona hilo ni ukomavu wa mchezo wenyewe. Dume lililotulia na kukataa kushambulia limeondoa mchezo, na mchezaji hana la kufanya. Dume linalokuja kwa kasi, likageuka ghafla, likamfuata mtu mpaka kwenye mwembe, hilo ndilo linalozungumzwa barazani. Sifa ya mchezaji hutegemea kabisa ukali wa ng'ombe, kama vile Winkler alivyomtegemea Halla siku ile.

Masimulizi yanayorudiwa sana husema mchezo huu uliletwa na Wareno, waliotawala pwani hii tangu miaka ya 1500 mpaka Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Anayetaka kulipima dai hilo asiangalie viwanja vya Lisbon. Aangalie kisiwa cha Terceira katika visiwa vya Azores, ambako dume hufungwa kamba, wanaume huishika kwa nyuma, na vijana hulichokoza barabarani kwa miamvuli na vitambaa, kisha likarudishwa malishoni likiwa zima. Kisha aangalie pwani ya Batina nchini Oman, hasa Barka. Huko madume mawili huumanishwa vichwa, kila moja na kamba yake, na linalorudishwa nyuma au kukimbia ndilo lililoshindwa. Huko nako husemwa ni Wareno, na kweli walikaa Maskati tangu 1507 mpaka 1650. Visiwa viwili na pwani moja, na kote humo ni kamba na dume asiyeuawa. Lakini Waomani wanapambanisha ng'ombe kwa ng'ombe, na Wapemba wanamwingiza mtu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mchezo wowote ulioletwa na meli husalia tu iwapo wenyeji wamepata ndani yake haja yao wenyewe, na haja ya Pemba ilikuwa kuona mtu wa kijijini, anayejulikana kwa jina na kwa ukoo, akisimama mbele ya nguvu asiyoimiliki.

Na ng'ombe mwenyewe naye ni wa kijijini. Hapa ndipo ninapomkumbuka farasi aitwaye Snowman. Mwaka 1956 Harry deLeyer, mhamiaji kutoka Uholanzi, alifika amechelewa kwenye mnada wa farasi huko Pennsylvania. Waliobaki walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye gari kwenda machinjioni. Akamchagua mmoja mweupe, aliyechakazwa na kazi ya jembe, akamlipia dola 80. Baadaye akamuuza kwa jirani, na farasi akawa anaruka nyua za watu kurudi kwa deLeyer. Ndipo deLeyer alipojua alichokuwa nacho, na mwaka 1958 Snowman akawa bingwa Madison Square Garden, mbele ya farasi wenye nasaba na bei za kutisha. Wamarekani walimpenda kwa sababu alitoka walikotoka wengi wao. Dume la Kengeja nalo halifugwi kwa ajili ya uwanja. Ni mnyama wa malisho, watoto wanamjua, na siku ya mchezo kijiji humwona kwa jicho jengine.

Lipo tukio moja la karibuni ambalo michezo yote ya aina hii inapaswa kulitazama bila ya kukwepa. Tarehe 6 Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, katika pentathloni ya kisasa, Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza alipopewa kwa kura farasi aitwaye Saint Boy, ambaye hakuwahi kumpanda. Sheria iliwapa dakika 20 tu za kuzoeana. Saint Boy aligoma. Dunia ilimwona mpandaji akilia na kumchapa, na kocha akimpiga farasi ngumi. Kocha alifukuzwa mashindanoni, na baadaye shirikisho la mchezo huo likaamua kuondoa farasi katika pentathloni baada ya Paris 2024. Huaso naye aligoma mara ya kwanza, na kugoma kwake kukawa sehemu ya utukufu, kwa sababu aliyekuwa mgongoni alimjua. Saint Boy aligoma mbele ya mtu asiyemjua. Mchezo wa Pemba una kinga hapa ambayo haikuandikwa popote: ng'ombe yupo kwao na mwenye ng'ombe yupo uwanjani. Ikiwa siku moja mchezo utageuzwa onyesho la kila wiki la watalii, na madume yakakodiwa kutoka mbali, kinga hiyo itaondoka.

Panapotuumiza sisi ni kumbukumbu. Tunajua Huaso aliruka siku gani na urefu gani. Tunajua farasi Foxhunter, aliyeipa Uingereza dhahabu yake pekee ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, amezikwa mlima gani huko Wales. Waomani nao wameiandikisha UNESCO, mwaka 2018, ardha, yaani maonyesho yao ya farasi na ngamia, pamoja na mashairi yake. Madume ya Pemba yamebaki katika vinywa vya wazee, na nyimbo zao zimebaki kwa kinamama walioziimba. Wimbo una uwezo ambao karatasi ya majaji haina: unasema ng'ombe alikuwa wa nani na kijiji kilijionaje siku ile. Lakini mwimbaji akifa bila ya mrithi, vyote hivyo hufa naye.

Jumba la Makumbusho la Pemba lipo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Linafaa kuwa na chumba cha mchezo huu, chenye kamba, zumari, sauti za kinamama zilizorekodiwa, na orodha ya madume kwa majina ya vijiji na ya wenye ng'ombe. Kazi ianze Kengeja na Wingwi, kwa waliokuwa wachezaji na waimbaji, msimu huu wa kaskazi.