Malimbikizo

Kulimbika ni kukusanya kidogo kidogo hadi kiwe kingi. Ndiyo maana fedha za nyuma zinazolipwa kwa mkupuo huitwa malimbikizo. Kwa askari wa zamani wa Marekani aliyepata ulemavu jeshini, ukubwa wake hutegemea tarehe ya kuanza kwa fidia yake. Kwa kawaida ni siku dai lilipopokelewa au siku haki ilipopatikana, ile ya baadaye. Aliyedai ndani ya mwaka mmoja tangu aache jeshi huhesabiwa tangu kesho yake. Tarehe ikikosewa, hata asilimia sahihi ya ulemavu haifidii miezi iliyomezwa, na hiyo ni dhuluma. Ndugu, ukipata barua ya uamuzi, kagua tarehe. Una mwaka mmoja wa kukata rufaa.