Kiingereza cha Wanauchumi: Kutoka Khartoum hadi Mlimani

Chuo Kikuu cha Khartoum, ambacho asili yake ni ile Gordon Memorial College iliyofunguliwa mwaka 1902, kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka ule ule wa 1956 nchi yake ilipojipatia uhuru, nacho kikaendelea kusomesha kwa Kiingereza kama ilivyokuwa ada yake. Lakini serikali ya Sudani ilipoamua mwaka 1965 kwamba shule za sekondari zisomeshe kwa Kiarabu, amri ambayo kwa yakini ilikuwa haki ya taifa lenye lugha yake, ikawa vijana wanaingia chuoni na elimu waliyoihifadhi kwa lugha moja, ilhali vitabu vya uchumi vinawangoja kwa lugha nyingine.

Walimu wa lugha walipotakiwa msaada, hazina yao ilikuwa haba, na sehemu kubwa ilihusu sayansi ya maabara. Mwaka 1962 Charles Barber alikuwa amechapisha uchunguzi wake juu ya sifa za nathari ya kisayansi. Ewer na Latorre wa Chile wakatoa kitabu chao mwaka 1969. Naye John Swales, aliyewahi kusomesha Libya kabla ya kwenda Khartoum, akatoa chake mwaka 1971. Kazi hizo zilistahili shukrani, ila mwanafunzi wa uchumi hapimi asidi wala hachori mtambo: yeye husoma hoja, na hoja haifahamiki kwa kukariri orodha ya istilahi, hata ikawa ndefu namna gani.

Huku kwetu shida hiyo ilifika kwa njia yake. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, Kiingereza kikabakia sekondari na vyuoni, na mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo Mlimani, kikaanzisha kitengo maalumu cha stadi za mawasiliano. Miaka 6 baadaye watafiti Criper na Dodd wakabainisha katika taarifa yao kwamba Kiingereza cha sekondari kilikuwa kimedhoofika hata hakiwezi kuyabeba masomo. Mimi naona si insafu kumlaumu kijana aliyefika Mlimani katika hali hiyo, kwa kuwa mzigo aliotwishwa hakuuchagua yeye.

Katika kuitafutia dawa shida hiyo ya kusoma hoja za uchumi, faida kubwa kuliko zote, kwa rai yangu, ilitoka kwa Angele Tadros, ambaye kitabu chake cha mwaka 1985, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, kilitazama jinsi mwandishi anavyofunga ahadi na msomaji wake. Mwanauchumi akiandika kwamba sababu za kupanda kwa bei ni tatu, amejiwajibisha kuzitaja zote tatu. Akinukuu kauli ya mwenziwe, ana deni la kusema kama anaikubali au anaikataa. Na akisema, tuchukulie kwamba nchi ni mbili tu na bidhaa ni mbili tu, hazungumzi habari za dunia tuijuayo, bali anajenga dunia ya kudhania ili aonyeshe jambo, na baadaye hana budi kutamka matokeo yake. Msomaji asiyeitambua sharti hiyo hudhani ameelezwa hakika, akaiandika katika mtihani kuwa ni hakika, na mtahini akamhesabu mjinga wa uchumi, kumbe alilopungukiwa ni ujuzi wa kusoma.

Kwa hiyo zoezi la maana si kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika sentensi, bali ni kumpa mwanafunzi mwanzo wa aya, kuifunika iliyobakia, na kumtaka aseme mwandishi analazimika kuleta nini. Zoezi la namna hiyo mwalimu wa lugha hawezi kulitunga peke yake, maana yeye ataiona ahadi, lakini ni mwanauchumi atakayejua kama imetimizwa sawasawa. Ndiyo maana nakipa heshima kubwa kitabu cha mwaka 1990 juu ya lugha ya uchumi, kilichohaririwa kwa shirika na Tony Dudley-Evans, mtu wa lugha, na Willie Henderson, mtu wa uchumi.