Kabla ya Alamu ya Simu: Watoto wa Kariakoo Walivyojua Muda Bila Kuwa na Saa

Saa 11 na dakika 40 alfajiri, ghorofa ya nne, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alamu imeshalia mara tatu na imeshazimwa mara tatu. Mama anamtikisa mwanae wa miaka sita, yupo darasa la kwanza kwenye shule ya Kiingereza upande wa Mbezi. Gari la shule linapita saa 12 kasorobo.

"Amka! Saa 12 hii!"

Mtoto anafungua jicho moja, anaangalia simu. "Mama, hapa imeandikwa tano."

"Hiyo tano ndiyo saa kumi na moja!"

"Kwa nini?"

Muda wa kujibu haupo. Soksi moja haionekani, daftari la hesabu liko chini ya kochi, na honi inapigwa huko chini. Mtoto anashuka ngazi analia, uji haujaguswa. Mama anarudi ndani, anakaa kitandani, roho inamuuma. Neno la mwisho alilomwambia mwanae asubuhi hiyo ni "utanitia wazimu".

Bibi yupo pembeni, anakunja mkeka wa swala. "Sisi hatukuwa na saa ndani, mbona shule tulikuwa tunawahi?"

"Mama na wewe, zamani siyo sasa."

Ukweli ni kwamba wote wawili wako sahihi. Na ukitaka kujua kwa nini asubuhi za nyumba nyingi mjini zimegeuka vita, inabidi urudi nyuma kidogo, enzi za huyo bibi.

SAA YETU INAANZA NA JUA

Tuanze na lile swali la mtoto, maana siyo la kijinga hata kidogo. Saa ya Kiswahili inahesabiwa kwa jua. Dar es Salaam ipo karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linachomoza karibu muda uleule, tofauti haifiki hata saa nzima. Linachomoza kwenye saa 12, ikipita saa moja tangu hapo ndiyo saa 1 asubuhi, zikipita mbili ni saa 2. Hata mtoto asiyejua kusoma anaelewa: jua limetoka, siku imeanza, tunahesabu.

Saa za ukutani na za simu zinaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Mtoto wa leo shuleni anafundishwa kwa Kiingereza kwamba hii ni saba, akirudi nyumbani anaambiwa ni saa 1. Mtu mzima anaruka hizo sita bila hata kufikiri. Mtoto wa miaka sita anaona watu wazima hawaeleweki.

Kuna jambo jingine wengi wamelisahau. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku mpya inaanza jua likizama. Ndiyo maana mpaka leo utamsikia mzee akiita Alhamisi usiku "usiku wa Ijumaa". Yaani kwa bibi, asubuhi ya shule ilikuwa inaanza magharibi. Sare inafuliwa na kuanikwa, kaptula inawekwa chini ya godoro ijinyooshe, miguu inaoshwa, mtoto analala. Alfajiri ilikuwa inamalizia tu kazi iliyoanza jana yake jioni.

NYUMBA NZIMA ILIKUWA SAA

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye eneo likajaa nyumba za Kiswahili, zile ambazo wengine bado mnazikumbuka. Baraza mbele, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Jiko la wote, bafu la wote, choo cha wote.

Ndani ya nyumba kama hiyo, Mtaa wa Swahili, ndimo bibi alimokulia. Darasa la kwanza alianza mwaka 1971. Asubuhi yake haikuwa na dakika, ilikuwa na sauti na zamu.

Kwanza azana ya alfajiri, watu wazima wanaamka. Halafu ufagio uani. Ukisikia ufagio, watoto mnaamka. Kabla ya lolote ni shikamoo, chumba kwa chumba, na hiyo pekee ilitosha kuondoa usingizi. Halafu foleni ya bafu, na kila mtoto anajua anamfuata nani. Halafu chai na kiporo au kitumbua cha mama wa chumba cha mbele. Halafu redio.

Redio ilikuwa moja tu ya taifa. Utangazaji Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na kufikia miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa inasikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma ambaye alikuwa haoni. Sheria ya uani kwa kina bibi ilikuwa fupi: ngoma zikilia, uwe umeshavaa. Hebu fikiria, mtu asiyeweza kuona uso wa saa ndiye aliyekuwa akiwajulisha watoto kwamba muda umefika.

Na mtoto akizubaa, hakusubiriwa mama peke yake. Jirani wa chumba cha pili alimkemea, dada mkubwa wa chumba cha tatu alimfunga vifungo. Kazi ya kumwahisha mtoto mmoja ilikuwa imegawanywa kwa nyumba nzima.

NAMBA, MCHAKAMCHAKA NA RINGI YA GARI

Shuleni nako mambo yalikwenda kwa mpangilio. Aliyesoma shule za msingi za Serikali anajua maana ya kuwahi namba. Unafika mapema, unapewa namba yako, unafagia eneo lako. Halafu mchakamchaka, mnakimbia huku mnaimba. Halafu kengele, ambayo shule nyingi ilikuwa ringi kuukuu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inagongwa kwa chuma. Halafu mstarini, kukaguliwa kucha na meno, halafu darasani. Ulikuwa huhitaji saa kujua umechelewa. Ukikuta mchakamchaka umeshaanza, umechelewa.

Ila tusipambe zamani kupita kiasi, maana bibi naye akibanwa sana anakiri. Waliochelewa walikuwepo, tena wengi, na walichapwa. Yeye mwenyewe alikuwa na rafiki aliyekuwa anamsaidia mama yake kukaanga maandazi tangu usiku. Kila wiki alichelewa, kila wiki alichapwa, na mwisho akawa haji kabisa. Kiboko kilimfundisha kuogopa geti la shule. Kuhusu muda hakikumfundisha chochote, kwa sababu tatizo lake halikuwa uvivu. Lilikuwa maandazi.

KILICHOVUNJIKA

Kwa hiyo nini kimebadilika? Siyo kwamba watoto wa leo wamekuwa wavivu. Zile sauti zimeondoka moja moja.

Mwaka 1975 soko kubwa jipya la Kariakoo lilifunguliwa, biashara ikakua. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, daladala zikashika mji, na taratibu watoto wakaanza kusoma mbali na mtaa wao. Hapo muda wa mtoto ukaingia mikononi mwa konda, na kila mzazi wa Dar anajua konda anavyomwangalia mwanafunzi wa nauli ndogo. Miaka ya 1990 redio binafsi zikaja, kila chumba na stesheni yake, ile ngoma moja ya wote ikapotea. Miaka hiyohiyo na kuendelea, nyumba za Kiswahili zikavunjwa, yakapanda maghorofa ya maduka na vyumba. Korido ikafa, na jirani wa kumfunga mtoto vifungo akafa nayo. Mwaka 2025 Kariakoo ikazinduliwa kuwa eneo la biashara ya saa 24. Sasa hata usiku wenyewe hauna mwisho.

Shirika la Afya Duniani, kwenye miongozo yake ya mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku. Piga hesabu. Mtoto wa chekechea anayeamshwa saa 11 alfajiri alitakiwa awe amelala saa 1 usiku. Saa 1 usiku mama wa Mtaa wa Sikukuu ndiyo kwanza anafunga mahesabu ya vitenge dukani.

Muda wote sasa uko ndani ya simu ya mama. Mtoto hauoni wala hausikii. Anachosikia ni "haraka, haraka", na haraka siyo saa ngapi.

BIBI ALIVYORUDISHA MPANGILIO

Baada ya ile asubuhi ya soksi moja, mama na bibi walikaa wakaongea. Hawakununua kitu zaidi ya saa ya ukutani ya mishale. Walichofanya ni kurudisha zamu.

Asubuhi ikahamishiwa magharibi. Bibi ndiye msimamizi, kwa vile mama yuko dukani. Azana ya magharibi ikilia, begi linapangwa, sare inatundikwa mlangoni, soksi zinaingizwa ndani ya viatu, zote mbili. Chakula cha usiku kinaliwa mapema hata kama mama hajarudi, na katuni zinazimwa.

Alfajiri, badala ya saa, mtoto akapewa vitu vitano kwa vidole vya mkono mmoja: shikamoo, kuoga, kuvaa, uji, viatu. Akikwama haambiwi "fanya haraka", anaulizwa "uko kidole cha ngapi?" Na alamu ikawekwa nyimbo mbili, ya kuamkia na ya kuvalia viatu. Ile ya pili bibi aliichagua mwenyewe, ni ngoma tupu.

Lile swali nalo likajibiwa. Bibi alimkalisha mbele ya saa ya ukutani akamwonyesha ujanja wa zamani: angalia mshale mfupi umeelekea wapi, halafu soma namba iliyo upande wa pili, mkabala nayo. Shuleni ukisoma saba, ng'ambo yake kuna moja. Ukisoma kumi na mbili, ng'ambo kuna sita. Saa ni ileile, ina pande mbili tu.

Bado kuna siku wanachelewa. Maji yanakatika, mtoto anaamka na homa, mama anarudi saa 4 usiku na mtoto amegoma kulala bila kumwona. Lakini Jumatatu moja mama ndiye aliyezubaa, anatafuta funguo, anazunguka chumbani. Mtoto alikuwa ameshakaa mlangoni, viatu mguuni.

"Mama," akamwambia, "wewe uko kidole cha ngapi?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kwenu, nani anashika zamu ya asubuhi?